Heri Lianguke Tujue Moja

Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa makochi, na watu waliomjua kwa jina alilopewa na wazazi wake hawakutosha kujaza benchi moja. Wengine wote walimwita Springi. Jina lilitokana na desturi yake ya kuketi mara mbili juu ya kila kochi lililoletwa kwake: kwanza taratibu, kama mgeni, kisha kwa kujibwaga, kama mwenye nyumba aliyerudi amechoka. Hapo ndipo alipotoa hukumu. "Hili linalia upande wa kushoto," angesema. "Kwao mmoja anakaa hapa kutwa nzima, na si mwembamba." Mara nyingi alipatia. Alipokosea alisema kochi ndilo lililomdanganya.

Karakana yake ilikuwa chini ya jengo kubwa la zamani katikati ya mji, lililojengwa kwa mraba kuzunguka ua wa saruji. Ukitoka kwenye mlango wake ukalizunguka lote, ungerudi pale pale bila kuvuka barabara hata moja. Katika ujana wake kila mlango ulikuwa duka, na ghorofani walikuwapo mawakili, daktari wa meno na ukumbi wa kukodi kwa sherehe. Kisha wenye uwezo wakahamia kwenye majengo ya vioo nje ya mji, na jengo likaanza kufa kwa namna ya mti, kutoka kileleni. Ghorofa ya tatu ikachukuliwa na njiwa, ya pili na vumbi. Chini walibaki wanne: yeye, mama mmoja muuza mapazia, kinyozi, na jirani yake wa ukuta mmoja, mchonga mihuri ambaye naye, kwa sababu zilizo dhahiri, aliitwa Muhuri.

Springi na Muhuri walianza kazi humo wakiwa vijana, na utani wao ulikuwa wa zamani kuliko ndoa zao. "Kazi yangu mimi ni kugonga," Muhuri alipenda kusema, "yake ni kukaliwa." Springi hakujibu upesi, kwa kuwa akiwa kazini alibana misumari midogo kati ya midomo, akiichomoa mmoja mmoja kadiri nyundo ilivyokwenda. Mazungumzo yao kwa hiyo yalikuwa ya upande mmoja mpaka misumari iishe. Chai ilipokuwa tayari, mmoja aligonga ukuta na mwenzake akavuka na kikombe chake.

Ninaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yaliyofuata hayana uzito kwa asiyejua palikuwa na nini kabla yake. Tena nikiri kwamba yeye ni damu yangu, na huenda ninamwona kwa jicho lenye huruma kuliko haki.

Mwaka ule kazi ilikuwa imepungua na paa lilikuwa limeshindwa. Maji yalipita ghorofa zote tatu, yakachagua kudondokea kwake. Mwalimu mmoja alileta seti ya makochi ya kitambaa cheupe. Mvua ikayatia madoa, Springi akayavua kitambaa akayashona upya, na mvua nyingine ikayarudia. Mwalimu alikuja kuyachukua akamtolea maneno mbele ya watu, maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuambiwa akiwa ameshika nyundo yake mwenyewe. Nyumbani alianza kuacha chakula nusu. Mama Mdogo alimtazama kwa siku kadhaa, kisha akamwambia mbele yangu:

"Baba watoto, wewe una mawazo."

"Sina."

"Unayo. Kula huli, kulala hulali, unageuka geuka kama chapati. Usiyafungie ndani, yatakuua bure. Yatoe."

"Niyatoe kwa nani? Kwa njiwa?"

Ilikuwa katika wiki hizo hizo gari la matangazo la manispaa lilipopita likizunguka jengo, na sauti ya kike yenye heshima ikitoka kwenye kipaza sauti: "Wananchi, kitalu hiki ni chenu! Hakitumiki ipasavyo! Njooni mtoe mawazo!"

Muhuri alitoka nje na patasi yake mkononi. "Umesikia, Springi? Tumekuwa kitalu. Mimi nilijua kitalu ni cha miche. Sisi tuliokwisha kuota mizizi humu wanataka kutupandikiza wapi?"

"Mm," alisema Springi, kwa sababu ya misumari.

Lakini mwaliko ulimwingia. Aliniambia baadaye, na sijapata kusikia maneno ya kuhuzunisha zaidi yakisemwa kwa unyofu namna hiyo: "Nilidhani na serikali nayo imeniona."

Mkutano ulifanyika ukumbini, ghorofa ya kwanza, baada ya vijana wa manispaa kufagia na kufungua madirisha yaliyokuwa yamegoma. Sikuwapo, ila nimehadithiwa na watu wa kutosha, wapenzi wake na wabaya wake, na katika hili hawapingani. Ukutani zilibandikwa karatasi kubwa, na pembeni palikuwa na kadi za rangi. Aliyesimamia alikuwa afisa mipango, binti wa umri wa kitinda mimba wa Springi, mpole, mwenye kusikiliza kwa kichwa kilichoinama kidogo. Hapakuwa na wazo baya, alisema. Kila mtu aseme lake.

Watu wakasema. Mwanafunzi mmoja alitaka maktaba. Kinyozi alitaka chemchemi ya maji yenye taa. Bwana mmoja aliyevaa suti alitaka maegesho ya magari ya ghorofa tano. Mama wa mapazia alisimama na kusema kwamba yeye anataka choo. "Choo kwanza, maendeleo yatatukuta humo humo." Ukumbi ukacheka, binti akaandika "huduma za msingi" kwenye kadi ya kijani na kuibandika.

Kisha akamgeukia Springi. "Na wewe, mzee wangu? Una mawazo gani?"

Alivua kofia yake. "Mwanangu, mawazo ninayo mpaka yamezidi. Hata usingizi silali."

Watu walicheka tena, kwa wema. Binti hakucheka, alitabasamu na kusogeza kalamu karibu na kadi. Naye, aliyekuwa ameambiwa na mkewe ayatoe, akayatoa. Alisema juu ya paa na makochi meupe ya mwalimu. Alisema jua likizama uchochoro wa nyuma unakuwa giza na wateja wanaogopa kupita. Alisema vyumba vya juu vimekaa vitupu mpaka mtu anasikia hatua zake mwenyewe zikimrudia. Binti aliitikia kila sentensi kwa "ndiyo, mzee," na kila "ndiyo" ilimvuta mbele hatua nyingine, mpaka akafika mahali ambapo mtu hufika akiwa na mkewe gizani, wala si ukumbini.

"Siku nyingine nakaa namtazama njiwa anavyoninyea kwenye kitambaa cha watu, najisemea: heri hili jengo lianguke lote, tujue moja."

"Likianguka," Muhuri alipaza sauti kutoka nyuma, "usiwe umelala kwenye kochi la mteja!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko na makofi. Mtu akampiga picha, mkono wake ukiwa juu. Alirudi nyumbani mwepesi, akala akaongeza. "Wamenisikiliza," alimwambia Mama Mdogo. "Yule binti aliandika kila kitu."

Na kweli aliandika.

Mvua zilipokwisha, bango likasimamishwa kwenye kona ya jengo, refu kupita mlango. Lilikuwa na mchoro wa jengo jipya lenye vioo na watu wembamba wasio na kivuli wakipita mbele yake. Upande wa kulia alikuwapo Springi, mkubwa kuliko alivyopata kuwa, mkono juu, kinywa wazi. Chini yake paliandikwa: "Lote lianguke, tuanze upya! Fundi makochi, mpangaji wa siku nyingi." Na chini zaidi, kwa herufi ndogo, kwamba wapangaji wanatakiwa kuhama.

Ninafanya kazi ya kuhariri vitabu vya shule, na nimeshinda miaka nikipima maneno ya wengine. Bado sijui kwa hakika kama binti yule alipotosha. Neno "mawazo" alilitumia kama tunavyolitumia ofisini, ambako ni kitu unachotoa na kuondoka. Springi alilipokea kama linavyosemwa nyumbani, ambako ni kitu kinachokutafuna. "Tujue moja" husemwa na mtu aliyeishiwa mapendekezo. Kwenye kadi iliingia kama pendekezo la kwanza, fupi kuliko mengine yote, na bila shaka lililokuwa likisubiriwa na mtu fulani. Maneno "tuanze upya" hayakuwa yake kabisa. Ila ni nani angemwamini mtu ambaye nusu ya kwanza ya sentensi ilitoka kinywani mwake mbele ya watu?

Majirani hawakuamini. Mama wa mapazia aliacha salamu. Kinyozi akawa anafagia nywele mpaka kizingitini kwa Springi na kuziacha hapo. Hayo aliyavumilia. Alimsubiri Muhuri, kwa kuwa Muhuri alikuwapo, tena ndiye aliyetia mzaha siku ile, na mtu hatii mzaha kwenye jambo asilolielewa.

Muhuri alikuja asubuhi, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Springi, hongera."

"Hongera ya nini tena?"

"Ya cheo. Miaka yote hii nimekaa ukuta mmoja na mshauri wa mji, sina habari."

"Muhuri, acha hizo. Wewe ulikuwepo. Ulinisikia."

"Nilikusikia. Na kusoma najua, nimelisoma bango."

"Hayo ya kuanza upya si yangu."

"Na ya kuanguka ni ya nani? Ya njiwa?"

Springi akachukua misumari kiganjani, akakosa pa kuiweka.

"Siku ile ungekwenda nayo mdomoni," alisema Muhuri, "leo tungekuwa na paa, hata kama linavuja."

Alirudi kwake. Chai ya siku ile kila mtu alikunywa peke yake, na ya siku zilizofuata.

Nilimpeleka manispaa mwenyewe kwa gari langu. Alivaa koti la harusi za watu na njia nzima alikuwa akirudia maneno kimoyomoyo kama mtoto anayetumwa dukani. Binti alitupokea vizuri, akatupa viti. Springi alikikagua chake kwa kiganja kabla ya kukaa, nadhani bila kujua.

"Mwanangu," alisema, "kwenye lile bango mniondoe. Sikusema vile."

"Mzee wangu, ni maneno yako. Ulisema heri lote lianguke. Nilifurahi sana, maana wengine walikuwa wanazungukazunguka."

"Ni maneno yangu, lakini si wazo langu. Yale yalikuwa mawazo."

Binti alimtazama, kisha akanitazama mimi kwa kuomba msaada. Nikaanza kueleza maana mbili za neno lile. Nilieleza kwa mpangilio, na kadiri nilivyokuwa nikieleza ndivyo nilivyosikia sauti yangu ikigeuka kuwa ya wakili anayetafuta mwanya. Jambo ambalo Mama Mdogo angelielewa akiwa jikoni amegeuka mgongo, pale mezani lilionekana ujanja.

"Naelewa," alisema kwa upole ambao sikuweza kuuchukia. "Lakini hatua ya kukusanya mawazo imefungwa. Kama unalo wazo lingine, mzee, niambie, nitalifikisha."

Hapo ndipo baba yangu mdogo alipotoa mawazo ya aina ile iliyotakiwa tangu mwanzo. Alisema waanze na paa. Vyumba vya juu wapewe watu wa kulala, si ofisi, kwa sababu mahali panapolala watu hapaogopwi jioni. Uani kuwekwe taa na mabenchi, na milango ya chini iliyofungwa wapewe mafundi vijana. Alisema haya kwa uso uliochangamka, akichora mezani kwa kidole. Sisemi yalikuwa mawazo bora. Binti aliuliza nani angegharimia paa, na lilikuwa swali la haki.

"Ni mazuri sana," alisema binti. "Ungeyasema siku ile."

Kisha, kwa kuwa alikuwa na moyo mwema na alitaka tusiondoke mikono mitupu, akatoa habari aliyodhani ni njema. Kwa kuwa sura ya mradi ilikuwa sura yake, manispaa ilikuwa imemtengea fundi chumba kimoja cha chini katika jengo jipya. Na siku ya uzinduzi wangependa yeye ndiye apige nyundo ya kwanza ukutani.

"Ukuta upi?" aliuliza Springi.

"Wowote, mzee. Ni kwa ajili ya picha."

Garini, tulipokaribia nyumbani, Springi akasema nyundo hapigi. Chumba, alisema, apewe Muhuri. "Mimi kochi naweza kushonea hata sebuleni. Mchonga mihuri anahitaji mahali watu wanapopita." Alinituma nimpelekee Muhuri habari hiyo, kwa kuwa yeye mwenyewe angefungiwa mlango. Aliamini, nilimwona akiamini, kwamba mtu aliyeuza wenzake hagawi alichopewa, na kwamba Muhuri angeliona hilo upesi kuliko mtu yeyote.

Nilimkuta Muhuri akifunga vifaa vyake kwenye sanduku la mbao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapuliza vumbi la mpira kwenye meza yake.

"Kwa hiyo chumba kweli kipo," alisema. "Mimi nilikuwa nadhani ni maneno ya watu. Mwambie baba yako mdogo ahsante, lakini sikalii kochi alilokwisha kulijaribu yeye."

Hivyo zawadi ikawa ushahidi. Mpaka jioni mama wa mapazia na kinyozi walikuwa wamekwisha kujua kwamba Springi alipewa chumba. Kwamba alikikataa haikumfikia yeyote, au ilifika ikaonekana haivutii. Nyundo ya kwanza ilipigwa na mtu mwingine. Jengo lilianguka kwa siku chache tu, njiwa wakahamia kwenye paa la benki.

Jengo jipya halijaanza. Uwanja umezungushiwa mabati, ndani yake magari ya watu wa ofisini yanaegeshwa kwenye kokoto, kwa hiyo yule bwana wa suti alipata sehemu ya wazo lake. Chumba cha Springi, ambacho kingekuwa cha Muhuri, hakipo wala hakijulikani kitakuwapo lini. Baba yangu mdogo alihamishia kazi sebuleni. Wageni wa Mama Mdogo huketi kwenye makochi ya watu wengine na huondoka na nyuzi za katani kwenye nguo.

Siku moja nilikuwa nimempeleka kununua sponji tukamwona Muhuri. Alikuwa amepewa nafasi chini ya ngazi ya duka la fotokopi, na meza ndogo isiyotosha mikono yake miwili. Springi aliniambia nisimamishe gari. Nilimfuata hatua chache nyuma. Alikuwa ameanza kuyumba kidogo katika mwendo.

"Shikamoo, mheshimiwa," Muhuri alisema bila kuinua kichwa. Ni watu wa rika moja. Shikamoo ile ilikuwa tusi.

"Muhuri, mimi sikuja kugombana. Nakuomba jambo moja tu. Hao wengine waseme watakavyo. Wewe niambie: siku ile ukumbini hukunielewa?"

Muhuri aliweka patasi chini. Alimtazama, na nilipouona uso wake ukilegea nikadhani, kwa ujinga wangu, kwamba mambo yamekwisha.

"Nilikuelewa, Springi. Siku ile ile. Hata mama wa mapazia alikuelewa. Nani humu mjini hajui maana ya tujue moja?"

"Sasa?"

"Sasa nini? Nimetupwa chini ya ngazi, watu wananikanyagia kichwani kutwa nzima. Unataka nimkasirikie nani? Manispaa? Manispaa nitaikuta wapi? Ile haina hata uso." Alinyoosha kidole, si kwa ukali, karibu kwa upendo. "Wewe unao. Wamekutundika pale juu mkubwa, kila nikipita nakuona. Kukuchukia wewe ni rahisi, ndugu yangu. Niachie hilo, sina kingine."

Mteja alikuwa amefika na karatasi yake. Muhuri akamgeukia, akamuuliza anataka muhuri wa duara au wa pembe nne.

Tuliporudi nyumbani Mama Mdogo alitoka kutupokea sponji. Alikuwa amepata kusikia kwamba Muhuri yuko mtaa ule, akamuuliza mumewe kama walionana.

"Hakuwepo," alisema Springi, akaingia ndani.